Mama Akipanda Baiskeli, Nani Atabeba Mzigo?



Mwezi huu tuzungumze juu ya neno dogo ambalo mama anaweza kulitamka pasipo kufikiri sana: "Na mimi nitaenda." Neno hilo hutamkwa kwenye mazoezi ya kwaya, kwenye harusi, au nje ya kanisa baada ya ibada. Halimalizi hata dakika moja. Lakini nyuma yake iko nyumba nzima: mume, watoto, maji, kuni, mifugo na sufuria za jioni.

Tuchukue mfano wa mama mmoja anayeishi Tura, katika Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora. Jumapili moja, wakati wa matangazo, katibu wa usharika anasema kwamba kundi la waendesha baiskeli, watu wa makanisa mbalimbali, litapiga kambi kijijini Alhamisi ya juma linalofuata. Ijumaa litaendelea kuifuata njia ya zamani ya misafara mpaka Tabora mjini. Akina mama wanaopenda kuungana nao wanakaribishwa. Mama yetu ana miaka 38 na watoto wanne. Baiskeli anaijua, maana ndiyo inayompeleka mashineni na mnadani. Kabla katibu hajakunja karatasi yake, mkono wa mama uko juu.

Usiku, watoto wakiwa wamelala, mumewe anamwuliza:

"Mama watoto, nimesikia umejiandikisha safari. Ni kweli?"

"Ni kweli, Baba watoto."

"Ulifikiri saa ngapi?"

Mama ananyamaza. Hakufikiri. Mkono ulinyanyuka wenyewe.

Tusimcheke mama huyu, wala tusiharakishe kumhukumu. Wengi wetu tumo ndani yake. Na mumewe naye hakuuliza vibaya. Tutazame pamoja swali lake lina nini, na lina jibu gani.

JINA LA TURA

Hapo Tura ni mahali panapofaa sana kuuliza swali hilo. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipita hapo mwaka 1857 pamoja na mwenzake John Speke, wakielekea Tabora, mji ambao wao waliuita Kaze. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1860, Burton alieleza kwamba jina hilo la Tura maana yake ni kutua, yaani kutua mzigo. Hata sisi tusiojua Kinyamwezi twaweza kusikia udugu wa maneno hayo mawili.

Palikuwa na sababu. Msafara uliotoka pwani ulikwisha kuvuka Ugogo, kisha ukaingia katika nyika iliyoitwa Mgunda Mkali. Maji yalikuwa ya shida, vijiji vilikuwa vichache, na njaa iliwaua watu njiani. Walipotokea Tura walikuwa wameingia Unyamwezi. Pale palikuwa na watu, mashamba na chakula. Mpagazi aliyebeba mzigo wa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, aliutua chini na kupumua.

Wapagazi wale hawakuingia nyikani kwa kubahatisha. Walikuwa na desturi iliyoitwa tirikeza. Ikiwa kituo cha mbele hakina maji, msafara ulikaa kwenye maji mpaka adhuhuri, watu wakanywa wakashiba, wakajaza vibuyu, kisha wakaondoka alasiri. Walilala njiani pasipo maji, na asubuhi wakamaliza kipande kilichobaki kabla jua halijawa kali. Walikuwa wamepiga hesabu ya maji na ya miguu. Jambo la haraka lilikuwa lile la kuamka na kuondoka tu. Hesabu ilikwisha kufanywa.

WANAWAKE WALIOTANGULIA

Wengine husema safari ndefu si mambo ya wanawake. Historia ya njia hii yakanusha. Wanawake wa Kinyamwezi walisafiri na waume zao katika misafara, wakibeba vyungu na chakula, na wengine wakiwa na watoto mgongoni. Jioni, wanaume walipokwisha kutua mizigo yao, wanawake ndio kwanza waliwasha moto.

Yuko mmoja ambaye jina lake tunalijua: Halima, mpishi wa Daktari Livingstone. Daktari alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, watumishi wake waliubeba mwili wake, wakapita nao Unyanyembe, yaani sehemu za Tabora, wakaufikisha Bagamoyo mwezi Februari 1874. Tunawasifu Susi na Chuma, nao wanastahili. Mwaka huohuo walifikishwa hadi Uingereza. Lakini Halima naye aliusindikiza mwili wa bwana wake mpaka Unguja. Mchungaji Horace Waller, aliyeyatayarisha maandishi ya mwisho ya Livingstone yakachapishwa mwaka 1874, alisikitika wazi kwamba mama huyo, pamoja na utumishi wake wote wa miaka mingi, hakupata malipo yoyote. Alitembea mwendo uleule. Mzigo wake haukuhesabiwa.

Na katika Injili ya Luka, sura ya 8, tunasoma habari za wanawake waliofuatana na Bwana wetu mji kwa mji. Mmoja wao ni Yoana, mke wa Kuza, aliyekuwa wakili wa Herode. Huyo alikuwa mke wa mtu, tena mtu mwenye cheo. Biblia haituelezi nani alibaki akiangalia nyumba ya Kuza, lakini inatuonyesha kwamba mwanamke mwenye ndoa aliweza kuwa njiani kwa jambo jema bila kuaibishwa.

MKONO ULINYANYUKA KWA NINI?

Sasa turudi kwa mama yetu wa Tura. Jambo la kwanza ni kuuchunguza ule mkono ulionyanyuka wenyewe. Msukumo wa ghafula si dhambi. Yule mwanamke Msamaria wa Yohana 4 aliuacha mtungi wake kisimani akakimbilia mjini, na mji mzima ukapata baraka. Lakini msukumo ni kama homa: unatuambia kuna jambo ndani, hautuambii ni jambo gani.

Pengine mama amechoka. Miaka 16 hajalala hata usiku mmoja pasipo sikio moja kuwa macho. Kama ni hivyo, moyo wake unaomba kutua mzigo, wala hakuna kosa. Bwana Yesu mwenyewe, katika Marko 6, alipoona wanafunzi wake wanakosa hata nafasi ya kula, aliwatenga mahali pa faragha wapumzike.

Pengine anataka tu kuona kama mwili wake bado una nguvu, au kuona Kwihara, ambako Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, mahali ambapo watoto wake wamepasoma shuleni naye hajapafika. Hilo nalo ni jema.

Lakini pengine kuna ugomvi nyumbani. Kuna neno lililosemwa juma lililopita na halijafutwa. Kama ni hivyo, dada yangu, baiskeli haitakusaidia. Ugomvi ulioukimbia Ijumaa utakupokea mlangoni Jumatatu, tena umenenepa. Huo utatuliwe kwanza, ndipo uende.

MZIGO HAUPOTEI, UNAHAMA

Jambo la pili ndilo kubwa kuliko yote. Katika msafara, mpagazi akiugua, mzigo wake haukupotea. Ulihamia kichwa cha mwingine. Ndivyo ilivyo nyumbani. Mama akiondoka siku nne, maji bado yatatakiwa, ugali bado utatakiwa, na mtoto wa miaka minne bado atalia usiku. Swali ni hili: mzigo umehamia kichwa cha nani?

Katika nyumba zetu nyingi jibu linajulikana kabla ya kuulizwa. Umehamia kwa binti mkubwa. Mama yetu wa Tura ana kijana wa miaka 15, binti wa miaka 12 aliye darasa la sita, mvulana wa miaka 9, na yule mdogo wa miaka minne. Akiondoka bila mpango, baba atasema kwa nia njema kabisa, "Dada yenu yupo." Na yule binti ataamka saa kumi na moja alfajiri, atateka maji, atapika uji, atamnawisha mdogo wake, na Ijumaa hiyo atafika shuleni amechelewa au hatafika kabisa. Kaka yake wa miaka 15 atakuwa amekaa akingoja chakula.

Hapo mama hajatua mzigo. Amemtwika mtoto. Tena amemfundisha binti yake kwamba mwanamke mmoja hupumzika tu kwa kumchosha mwingine, na amemfundisha mwanawe kwamba yeye hahusiki. Mafundisho hayo yatakaa katika nyumba zao miaka 20 ijayo.

Wako wanawake waliokwenda mbali kwa baiskeli pasipo kungoja. Mwezi Juni 1894, mama mmoja wa Boston, Marekani, aitwaye Annie Kopchovsky, aliaga akisema anazunguka dunia kwa baiskeli. Alikuwa na watoto watatu wadogo, aliwaacha kwa mume wake, na uzoefu wake wa baiskeli ulikuwa mdogo mno. Kampuni moja ya maji ya chemchemi ilimlipa dola 100 abebe tangazo lake, akachukua jina la kampuni hiyo, akaitwa Annie Londonderry. Baiskeli yake ya kwanza ilikuwa nzito, kiasi cha kilo 19. Alipofika Chicago aliibadilisha kwa nyingine nyepesi ya kiume, na sketi yake ndefu akaibadilisha kwa vazi la suruali pana. Sehemu kubwa ya safari aliimaliza kwa meli, na Septemba 1895 alikuwa amerudi Chicago. Magazeti yaliandika sana habari zake. Habari za watoto wale watatu, nani aliwalaza na nani aliwaamsha kwa miezi 15, ziliandikwa kidogo sana.

Simtaji ili nimlaumu. Namtaja ili tuone kwamba dunia huwatazama wanaoondoka, na huwasahau wanaobaki. Sisi tuliookolewa tusifanye hivyo. Mtume Paulo aliwaagiza Wagalatia wachukuliane mizigo. Agizo hilo halikuwekwa kwa wanawake peke yao, wala kwa mabinti.

KIKAO CHA NYUMBANI

Kwa hiyo mama yetu na afanye nini? Ana siku 11. Zinatosha.

Kwanza, na amjibu mumewe kwa ukweli: "Baba watoto, sikufikiri. Lakini natamani kwenda. Naomba tukae tupange, na tukiona haiwezekani nitamwambia katibu." Mume anayezungumziwa hivyo hukaa chini asikilize. Yule anayepata habari za mkewe kwa majirani huumia, hata kama safari yenyewe ni njema.

Pili, na waite watoto wote, waandike kazi za nyumba kwenye karatasi. Si kwa kukumbuka tu, ziandikwe. Mama wengi watashangaa orodha inavyojaa ukurasa. Kisha kila kazi ipewe jina. Kijana wa miaka 15 achote maji, kwa baiskeli ya jirani ikibidi, na achanje kuni. Binti apike usiku mmoja, kaka yake usiku wa pili, baba usiku wa tatu. Mvulana wa miaka 9 aoshe vyombo na kufungia kuku. Baba alale chumba kimoja na yule mdogo. Shangazi au mama mkwe aombwe kupita jioni moja kuwatazama, lakini asiitwe kuja kufanya kazi zote huku wanaume wakipiga gumzo.

Tatu, na wafanye jaribio kabla ya safari. Jumamosi moja mama asishike sufuria. Ugali utaungua, mboga itazidi chumvi. Na iwe hivyo. Ni afadhali ugali uungue mama akiwa jirani kuliko akiwa kilomita 100 mbali.

Ikiwa una mtoto mchanga anayenyonya, ambaye hajatimiza miezi sita, ngoja. Safari zitakuwapo. Ikiwa una mimba, au una ugonjwa wa moyo au presha, kwanza uulize kliniki. Hilo halina mjadala.

MWILI NA BAISKELI

Kwenda mashineni si sawa na kwenda Tabora. Kutoka Tura mpaka mjini ni zaidi ya kilomita 100. Mtu aliyebeba mzigo kidogo na kwenda kwa kiasi atahitaji siku mbili. Mama na atumie siku alizonazo: leo kilomita 10, kesho kutwa 20, kisha 30 akiwa na mzigo kwenye keria, na siku mbili za mwisho apumzike.

Katika hili tunaye mwalimu mzuri. Frances Willard, aliyekuwa rais wa chama kikubwa cha wanawake Wakristo cha kupinga ulevi huko Marekani, alijifunza baiskeli akiwa na miaka 53, baada ya kufiwa na mama yake mpenzi mwaka 1892 na afya yake kudhoofika. Hakukurupuka. Alifanya mazoezi ya kama robo saa kila siku kwa muda wa karibu miezi mitatu, akaandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1895. Kidogo kidogo ilimfikisha.

Siti iinuliwe kiasi kwamba pedali ikiwa chini kabisa, mguu unakaribia kunyooka. Siti ya chini ndiyo inayoua magoti. Fundi atazame breki, cheni, tairi na spoki. Chukua pampu, tyubu moja ya akiba, viraka na solusheni, na spana. Khanga ni vazi letu la heshima, lakini khanga na cheni ni maadui. Vaa suruali pana chini ya gauni fupi kidogo, khanga ifunge mabegani au uiweke kwenye mzigo. Kama kuna wazee wa usharika watakaokwazika, waelezwe mapema kwa unyenyekevu kwamba ni kwa usalama.

Kunywa maji kabla ya kiu, kidogo kidogo njia nzima. Ondokeni alfajiri, mpumzike jua likiwa kali, kama walivyojua wapagazi. Kwenye misitu ya miombo mbung'o wapo, kwa hiyo nguo za mikono mirefu zafaa. Akitokea mtu wa kuharisha, tengenezeni maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwe vya kusawazisha. Akizidiwa, hospitali.

Mama asisahau pia kuuliza maswali ya kundi: Nani kiongozi? Akina mama watalala wapi, na pamoja? Kuna gari la kubeba aliyechoka? Chakula ni mchango wa kiasi gani? Kundi zuri hufurahi kuulizwa hivyo. Kundi linalokasirika, rudi nyumbani mapema.

SIKU YA KURUDI

Jumatatu mama atarudi. Atakuta kikombe kimoja kimevunjika na nguo za shule hazikupigwa pasi vizuri. Nakusihi dada, usianze na hayo. Keti kwanza. Waulize wao walionaje. Mshukuru kila mmoja kwa kazi yake kwa jina, ili asiwepo Halima mwingine ndani ya nyumba yako, aliyetembea mwendo wote na hakuhesabiwa.

Kisha usiuchukue mzigo wote mara moja. Hapa akina mama tunajikwaa. Tukirudi tunaona aibu kwa kupumzika, basi tunanyang'anya ndoo na mwiko kwa kila mtu. Yule kijana aliyejifunza kupika usiku mmoja, mwachie usiku wake. Abaki nao kila juma. Hiyo ndiyo faida ya safari, itakayodumu hata baiskeli ikishika kutu.

Na kama baada ya kikao mmeona safari haiwezekani sasa, usinung'unike moyoni. Ile karatasi ya kazi za nyumba ibandikeni ukutani na muifuate. Waweza kutua mzigo kidogo hata bila kutoka mlangoni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mara ya mwisho ulipoondoka nyumbani kwa siku mbili au zaidi, kazi zako zilihamia kwa nani? Je, mtu huyo alishukuriwa?

2. Katika nyumba yako, watoto wa kiume wanajua kufanya kazi gani za jikoni? Ni ipi waweza kuwafundisha mwezi huu?

3. Someni Luka 8:1-3 na Marko 6:30-32. Mnajifunza nini juu ya safari, utumishi na mapumziko?

Mungu azibariki nyumba zenu, awape nguvu mlio nyumbani na awalinde mlio njiani. Tuonane mwezi ujao.